Kitambaa cha Miraba

Tangu droni zianze kupita juu ya mtaa wao, sikio moja la Mama Tone lilihamia angani na halikurudi tena. Akipika, akifua, akipiga soga na majirani, sikio hilo lilibaki huko juu likiusubiri ule mvumo. Haukuwa mvumo wa nyuki wala wa pikipiki. Ulikuwa kama mtu anayesaga meno usingizini: kwanza mbali, halafu karibu, halafu juu ya bati lako.

"Unazishonea matandiko, halafu unaziogopa," mumewe humtania kila anapopiga simu kutoka mji anakofanyia kazi.

Na ana haki ya kutania, maana Mama Tone ni fundi cherehani wa kituo chenyewe cha droni. Chumba chake cha kushonea kiko chini ya paa la ghala, na mashine hizo huruka kutoka paani, juu ya utosi wake, mchana kutwa. Kazi yake ni vitambaa vya kupokelea mizigo: turubai jepesi jeupe lililopigwa chapa ya miraba myeusi, mingine mikubwa mingine midogo, kama ubao wa drafti uliochorwa na mlevi. Mteja hukitandaza uani. Droni ikija, huiona ile miraba, husimama hewani juu yake, hushusha mzigo taratibu kwa kamba, na mzigo ukigusa chini ndoano hufunguka yenyewe. Mama Tone hukunja pindo, hushona, hutia vyuma vya uzito kwenye pembe ili upepo usikipeperushe.

Asingeweza kusema anazichukia. Mwanawe alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, ndiyo maana wakamwita Tone. Siku kifua chake kilipobana, barabara ya kwenda zahanati ilikuwa imekatika kwa mvua, na dawa yake ilishuka kutoka mawinguni ikining'inia kwenye kamba. Muuguzi aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mwingine. Mama Tone hajaisahau siku hiyo. Lakini unaweza kumshukuru mtu na bado ukawa unamwogopa, kama unavyomshukuru daktari huku macho yako yakiwa kwenye sindano.

Asubuhi moja alimtandikia Tone uani kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama.

"Ndani kuna kitanda kizima, mwanangu, na wewe unamlaza mtoto nje kama mahindi."

"Jua la asubuhi linamfaa, mama. Na kitambaa hiki anakipenda. Kwenye masomo ya jioni ya kina mama walitufundisha kwamba mtoto mchanga huanza kuona vizuri nyeusi na nyeupe."

"Mimi nimelea sita, na wote waliniona vizuri tu, na rangi yangu ni hii hii."

Mama Tone alicheka. Alimlaza mwanawe katikati ya miraba, na Tone akaanza kupiga miguu na kuguna, akiikodolea macho kama anasoma gazeti. Kitambaa hicho kilikuwa kimekataliwa kituoni kwa sababu pindo lake lilienda upogo. "Chukua ukamtandikie mtoto," aliambiwa, na yeye akakichukua kwa furaha. Hakikuvuja, hakikushika vumbi, na mtoto akikojoa unafuta mara moja.

Juu ya kamba ya nguo, upande wa pili wa ua, kitambaa kingine kama hicho kilikuwa kinachuruzika maji. Hicho kilikuwa cha jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyekwisha kwenda ofisini kwake. Mtaa mzima walimwita Mama Oda, kwa sababu hakuna alichowahi kukinunua kwa miguu yake tangu droni zije. Hata vibanio vya nguo aliagiza vishushwe kwa kamba.

"Akilala, mama, unaweza kwenda kuoga," Mama Tone alisema akivaa ndala. "Lakini lango litie komeo. Usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu."

"Hata akija baba yake?"

"Hata akija baba yake."

"Ndiyo maana nakupenda," mama mkwe alisema, na komeo likaingia nyuma ya Mama Tone kwa kishindo. Alilisikia na moyo wake ukatulia. Alikuwa ameacha mtoto mahali salama.

Jua lilikuwa limekwisha panda vizuri Rubani aliposhuka chumbani kwake. Huyu alikuwa fundi mkuu wa mitambo, na wenzake walimpa jina la Rubani kwa kejeli. Alirusha mashine siku nzima, lakini yeye akipanda ngazi ya kubadilishia taa tu, magoti hucheza. Leo uso wake uling'aa.

"Dada fundi, vitambaa vyako vimepanda cheo."

"Vimekuwa mameneja?"

"Zaidi. Vimekuwa mabosi wa droni." Akajiegemeza kwenye mlango, kikombe cha chai mkononi. "Unaijua shida yetu. Ramani ya simu inapotea kidogo, basi mteja yuko huku na mzigo unashuka ukuta wa pili. Juzi tumemshushia mafuta ya nywele bwana mmoja mwenye kipara. Alidhani tunamsimanga."

Mama Tone alicheka bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Sasa kuanzia leo," Rubani aliendelea, "ramani inaifikisha droni mtaani tu. Ikishafika inaangaza macho, inatafuta kitambaa. Ikikiona tu, hapo ndiyo nyumbani."

"Kitambaa cha nani?"

"Chochote kilicholala chini kikaangalia juu. Kwani nani mwingine atakuwa nacho?"

Mguu wa Mama Tone ulipungua kasi wenyewe. Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikasimama ndani ya turubai.

"Kaka," alisema, "kile ulichonipa je?"

"Kipi?"

"Kile cha pindo la upogo. Ulisema kimeharibika."

Rubani alitabasamu. "Kilichoharibika ni pindo, dada. Miraba ni ile ile. Pindo halina…" Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, kama taa iliyosahaulika kuzimwa. "Umekiweka wapi?"

"Amekilalia mtoto."

"Ndani?"

"Uani."

Juu yao mashine ilikuwa imekwisha ruka muda kidogo uliopita. Wote wawili walikuwa wameisikia, ila sasa tu ndipo walipoikumbuka. Rubani aliweka kikombe sakafuni bila kutazama anaweka wapi, akatoa simu yake ya kazi.

"Usihofu kwanza. Droni haimshushii mtu mzigo. Ina macho tumboni. Kitu kikitikisika chini yake, inasimama na kungoja. Paka, kuku, mtu anayepita, inangoja."

"Anayepita," alisema Mama Tone.

"Ndiyo."

"Na aliyelala?"

Rubani alikuwa anasoma kioo cha simu, na Mama Tone aliona midomo yake ikikauka.

"Hii iliyoondoka inakwenda wapi, kaka?"

"Kwa Mama Oda," alisema kwa sauti ya chini. "Pasi."

Mama Tone aliona mambo mawili kwa pamoja, waziwazi kama yamebandikwa ukutani mbele yake. Aliona kitambaa cha Mama Oda kikichuruzika kwenye kamba, kimesimama wima, hakiangalii mbinguni. Na aliona kitambaa cha pindo la upogo, kimelala chini, katikati yake kifua kidogo kinachopanda na kushuka. Ua mzima una kitambaa kimoja tu cha kuonwa.

"Irudishe," alisema.

"Naenda juu sasa hivi kuirudisha." Rubani alikuwa tayari kwenye ngazi. "Lakini nisikudanganye, dada. Ikishaanza kushusha kamba haisikii amri ya mtu. Tuliitengeneza hivyo makusudi, isije ikaondoka na kamba imemnasa mtu shingoni. Piga simu nyumbani."

Simu ya mama mkwe iliita mpaka ikachoka. Mama Tone alijua iko wapi: ndani ya debe la unga, ambako mama huificha ili wezi wasiipate. Hata yeye mwenyewe huipata kwa shida. Mama Tone alitumbukiza simu yake mkobani, kando ya mkasi na futi ya kupimia, akatoka mbio.

Angekuwa ndege ni hatua chache tu kutoka kituoni hadi kwao. Kwa binadamu, ni lazima uzunguke. Alipita mbele ya duka la matairi, watu wakageuka. Mtu mmoja akamuuliza kama anafukuzwa au anafukuza. Alikata kona kwenye ukuta wa shule, na hapo ndipo alipoiona. Ilikuwa juu ya mapaa, imefumbata kasha la pasi tumboni kama kipanga aliyekamata kifaranga. Haikuwa na haraka. Yeye alikwepa mkokoteni, akaruka mfereji, akaombwa radhi na mtu ambaye yeye ndiye aliyemkanyaga, na kile kitu huko juu kilipita katikati ya anga kama kimewekewa barabara yake.

"Geuka," aliiambia, pumzi zikimkata. "Umeitwa. Geuka urudi."

Alitamani kuiona ikisita. Ikisita tu kidogo, ajue Rubani ameifikia. Haikusita. Ilipotea nyuma ya paa la kiwanda cha uchapishaji, na mvumo ukabaki, na Mama Tone akaukimbilia mvumo.

Alipofika langoni kwao mvumo ulikuwa umesimama mahali pamoja. Ulikuwa hauendi tena. Alisukuma lango kwa kiganja, kisha kwa bega. Komeo lilikuwa limeingia barabara, kama alivyoagiza.

"Mama! Fungua! Mama!"

Kutoka bafuni, nyuma ya ua, alisikia sauti ya mama mkwe wake. Alikuwa anaimba. Mama huyo akioga huimba kwa sauti ya kuitisha mkutano, na maji yanamwagika, na juu ya hayo yote mashine inasaga meno. Mama Tone aligonga bati la lango mpaka mikono ikafa ganzi. Wimbo uliingia ubeti mwingine.

Alitia jicho kwenye ufa wa lango.

Tone alikuwa amelala chali, mikono imetupwa pande zote, mdomo wazi kidogo. Upepo wa droni ulikuwa unamchezea nywele. Juu yake kasha lilikuwa linashuka. Lilishuka kwa adabu, polepole, likizunguka kidogo kwenye kamba yake, na kivuli chake cha mraba kilikuwa tayari kwenye tumbo la mtoto, mraba mweusi mmoja zaidi kati ya miraba.

Amka baba, alisema moyoni. Tikisika. Piga miguu. Jana usiku hukutaka kulala hata kidogo, na leo ndiyo umepata usingizi.

Tikisika. Neno hilo lilimgonga kichwani. Kitu kikitikisika chini yake, inangoja. Rubani hakusema kitu gani.

Alivua ndala moja akairusha juu ya lango. Ilipita, ikaanguka mbali, karibu na ndoo. Kasha liliendelea kushuka. Alivua ya pili, akarudi nyuma, akalenga kwa macho yaliyojaa machozi, akarusha. Ndala ikaanguka kwenye ukingo wa turubai, ikabingirika, na kasha likasimama.

Lilisimama hewani, likining'inia, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa.

Kisha likaanza kushuka tena.

Mama Tone alifungua mkoba. Mkasi hapana, akauacha. Alirusha futi ya kupimia, nayo ikafunguka hewani kama nyoka wa manjano na kutua miguuni pa mtoto. Kasha likasimama. Alirusha kibiringo cha uzi wa bluu. Akarusha kibiringo cha uzi mweusi. Akarusha kipochi, akarusha mtandio alioufunga fundo ili upate uzito. Kila kimoja kilinunua pumzi chache, na kila pumzi zikiisha lile kasha lilishuka tena kidogo, na mkoba ulikuwa unapungua. Hakuthubutu kupiga kelele sasa, kwa sababu mikono yake ilihitaji pumzi zote. Alibaki na simu na mkasi.

Alikuwa ameinua simu aliporudisha jicho kwenye ufa, na akaona kwamba Tone amefumbua macho.

Mtoto hakulia. Alilitazama kasha lililokuwa juu ya uso wake, limefungwa kwa karatasi nyeupe yenye chapa nyeusi, likizunguka taratibu kwa ajili yake. Akatabasamu kwa ufizi. Akapiga miguu yote miwili. Akainua mkono, vidole vimepanuka, akaanza kulitafuta.

Kasha halikusogea. Mashine ilikuwa inamwona.

"Endelea baba," Mama Tone alinong'ona kwenye bati, midomo yake imeligusa. "Cheza. Cheza tu, mama yuko hapa. Usiikamate kamba. Cheza."

Kidole kiligusa kona ya kasha. Likayumba. Tone akacheka, akanyoosha na mkono wa pili, na Mama Tone akajua kwamba mtoto akichoka, au akiikamata ile kamba akaivuta, hatakuwa na kitu kingine cha kurusha isipokuwa nafsi yake mwenyewe. Alitia mguu kwenye bawaba ya lango, akajaribu kupanda. Bati likamkata kiganja. Akateleza. Akatia mguu tena.

Wimbo bafuni ulikatika katikati.

"Ndala ya nani hii?" mama mkwe alisema. Alikuwa ametoka, kitenge kifuani, povu la sabuni kwenye sikio moja, anaitazama ndala kando ya ndoo. Kisha akainua uso.

Mama Tone hakuwahi kumwona mama huyo akikimbia. Magoti yake huuma, hata kuinuka kwenye kigoda huomba mkono. Lakini alivuka ua ule, akapiga goti kwenye turubai, akaingiza mikono yote miwili chini ya kasha na kumchomoa mtoto kwa mkupuo mmoja, kama anatoa mkate kwenye tanuri, akarudi naye kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga ukuta.

Kitambaa kilibaki wazi. Hakuna kilichotikisika juu yake. Kasha likamalizia safari yake, likatua sawasawa kwenye lile bonde dogo lililoachwa na mwili wa mtoto. Ndoano ikafunguka. Kamba ikapanda.

"Mzigo wako umefika salama," ilisema sauti ya mwanamke mpole kutoka angani. "Asante, na karibu tena."

Mashine ikainuka, ikageuka, ikaenda zake.

Ilichukua muda mama mkwe kulifungua lango, kwa sababu hakutaka kumweka mtoto chini, akalivuta komeo kwa mkono mmoja tu. Mama Tone aliingia peku, kiganja kinavuja damu, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, sabuni na kila kitu. Tone alilalamika kwa kubanwa.

"Nilikuwa naoga tu, mwanangu," mama mkwe alirudia. "Alikuwa amelala. Nilikuwa naoga tu."

"Ni mimi niliyemtandikia, mama. Mimi ndiye."

"Nilikuwa naimba."

"Najua, mama. Nilikusikia."

Walikaa sakafuni ndani ya nyumba, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, joto limewabana, na hakuna aliyetaka kufungua. Hodi ilipopigwa wote watatu walishtuka. Alikuwa Rubani, jasho linamtiririka, kalamu imekwama sikioni. Alimtazama mtoto kwanza, mikono, miguu, kichwa. Ndipo akaegemea ukuta.

"Amri yangu imeifikia ikiwa njiani kurudi," alisema. "Ikanitii vizuri kabisa."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka.

"Nimesimamisha zote. Zote zimekaa paani. Nimewaambia wakubwa haziruki mpaka tuzitie jicho la kuona joto la mtu, hata kama amelala, na amri ya kusimama isikilizwe mpaka mzigo uguse chini. Na kitambaa kibovu hakitoki tena kituoni bila kukatwa. Kosa ni langu, dada. Nililiona pindo, sikuona miraba."

"Na hilo jicho la joto mtalijaribu kwa nani?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa… tutaona, mama."

"Lijaribuni kwa mwanao."

"Sina mtoto bado, mama."

"Basi tutangoja umpate," alisema, akampangusa Tone udenda. "Hatuna haraka na pasi."

Rubani aliinamisha kichwa. Mama Tone aliinuka, akachukua mkasi wake, akatoka uani. Aliinua macho kwanza. Anga lilikuwa tupu, bluu kabisa, halina hata wingu, na utupu huo haukumtuliza. Aliliweka kando kasha la Mama Oda. Alikata kitambaa kuanzia kwenye pindo lake la upogo, akapita katikati ya kila mraba, mpaka pakabaki vipande visivyoweza kumwambia mtu wala mashine chochote.

Kwa siku kadhaa Tone alikitafuta kitambaa chake. Alilazwa kwenye shuka la maua akalia. Alilazwa kwenye mkeka akalia zaidi. Basi Mama Tone alikusanya masalio ya nguo za watu, meusi na meupe, akakaa kwenye cherehani yake ya nyumbani na kushona kitu chake mwenyewe. Hakutia mraba hata mmoja. Alitia samaki, paka mnene, mwezi, na bibi mwenye kitenge na povu sikioni, ambaye mama mkwe alisema hafanani naye hata kidogo.

Alikitandika chumbani, mbali na dirisha. Tone alikikodolea macho kwa muda mrefu, uso mzito, kama anasoma gazeti la lugha mpya. Kisha miguu ikaanza kucheza.

Mama Tone alitabasamu. Aliweka kiganja chake chenye bandeji juu ya kifua kile kidogo, akahisi kinapanda, kinashuka, kinapanda. Lile sikio lake lilikuwa bado huko juu, linasikiliza. Hakuliita lirudi.